Kabureta ya Kisasa au Injekta za Kompyuta: Namna ya Kuchagua na Kurekebisha Mfumo wa Mafuta wa Injini ya Mashindano

Fundi anayejenga injini ya mashindano hulazimika kuamua mapema kama mafuta yataletwa na kabureta au na injekta zinazoongozwa na kompyuta, na wengi huamua kwa ushabiki kabla hawajapima chochote. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, kabureta ya kisasa iliyorekebishwa vizuri hutoa nguvu inayokaribiana sana na ile ya injekta, na wakati mwingine huizidi. Tofauti kubwa hujitokeza pale hewa inapobadilika, gari linapokata kona kali, joto linapopanda, na injini inapohitaji kulindwa isijiue yenyewe.

Kwanza soma kanuni za daraja unaloshindania, kwa kuwa mara nyingi ndizo zinazoamua. Ligi ya juu ya NASCAR, mbio maarufu za magari nchini Marekani, iliendelea na kabureta hadi msimu wa 2011, ikahamia kwenye injekta za kompyuta mwaka 2012. Daraja la Pro Stock la NHRA, chama cha Marekani cha mbio za kuvuta kasi, ambalo magari yake hukimbia umbali mfupi kwenye mstari mnyoofu, lilibadilishwa mwaka 2016, sambamba na kuwekewa kikomo cha mizunguko 10,500 kwa dakika. Katika michezo yote miwili kabureta iliondolewa na kanuni, wala si kwa sababu timu zilikuwa zimekosa nguvu, na jambo hilo linafaa kukumbukwa na kila anayeambiwa kwamba kabureta ni chuma chakavu.

Sababu moja ya kabureta kutoa nguvu ni ya kifizikia. Petroli huhitaji takriban kilojuli 350 kwa kila kilo moja ili igeuke mvuke, na methanoli huhitaji takriban 1,100. Joto hilo huchukuliwa kutoka kwenye hewa inayoingia, na hewa iliyopoa huwa nzito zaidi. Kabureta hukaa mbali na silinda, hivyo mafuta hupata njia ndefu ya kuvukia na kuipoza hewa. Injekta iliyowekwa karibu na valvu haitoi nafasi hiyo yote, na ndiyo maana baadhi ya injini za mashindano huwekewa injekta juu kabisa, mdomoni mwa mirija ya hewa.

Namna ya kurekebisha kabureta ya kisasa

Kabureta za leo za mashindano zina mabadiliko ya maana kuliko sura zake zinavyoonyesha. Vipande vya kupimia mafuta huchongwa kwa mashine za kompyuta kutoka kwenye bonge la aluminiamu, vitundu vya hewa huwekwa kwa skrubu zinazoweza kubadilishwa kimoja kimoja, ukingo wa choki huondolewa ili hewa iingie bila kusukwasukwa, na baadhi huwa na pete yenye matundu mengi madogo katikati ya koo, ambayo husaga mafuta kuwa ukungu laini hata hewa inapopita polepole.

Chagua ukubwa kwa hesabu. Zidisha ujazo wa injini kwa lita na mizunguko ya juu kabisa kwa dakika, kisha gawa kwa 2: injini ya lita 5.7 ikizunguka mara 7,000 huvuta takriban lita 19,950 kwa dakika iwapo silinda zinajaa kikamilifu, sawa na futi za ujazo 705. Kuwa mwangalifu unapolinganisha namba za wauzaji, kwa sababu kabureta zenye makoo manne hupimwa kwa tofauti ya mgandamizo ya inchi 1.5 za zebaki, ilhali zenye makoo mawili hupimwa kwa inchi 3. Kabureta ya makoo mawili iliyoandikwa 500 ingepata takriban 354 tu kama ingepimwa kwa kipimo cha yale manne.

Kabla ya kugusa jeti yoyote (kitundu kinachopima mafuta), hakikisha taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, ni sahihi na mgandamizo wa mafuta unafaa: takriban psi 6 (pauni kwa inchi ya mraba) kwa kabureta za aina ya Holley na psi 3 hivi kwa za Weber. Makosa mengi yanayosingiziwa kabureta hutokana na plagi, taimingi au pampu dhaifu, na fundi anayeanza na jeti huficha kosa moja kwa kuongeza jingine. Kisha sawazisha kimo cha floti, boya linalodhibiti mafuta kwenye bakuli la kabureta, na urekebishe mngurumo wa chini, ule ambao mafundi wengi huuita sailensa.

Hapo ndipo unapofunga sensa ya lambda ya masafa mapana, inayopima uwiano wa hewa na mafuta, kwenye bomba la moshi, na kwa maoni yangu hakuna kifaa kinacholipa gharama yake haraka kuliko hiki. Petroli huungua kikamilifu kwa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya mafuta kwa uzito, lakini nguvu ya juu hupatikana kati ya 12.5 na 13.2. Kimbiza injini mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho na urekodi mstari wote wa mizunguko. Ikiwa mstari wote ni mwepesi (mafuta machache) au mzito (mafuta mengi) kwa kiasi kilekile, badilisha jeti kuu. Ikiwa katikati ni sawa lakini mafuta yanazidi mizunguko inapopanda, usiiguse jeti; ongeza ukubwa wa kitundu cha hewa cha njia kuu, kwa kuwa hewa hiyo ndiyo inayozuia mafuta yasiongezeke kuliko hewa ya koo kadiri mvuto unavyokua. Watu wengi hukosea hapa, wakibadilisha jeti mara kumi kwa tatizo ambalo jeti haiwezi kuliponya.

Valvu ya nguvu, inayoongeza mafuta injini inapobeba mzigo, ichaguliwe kwa kupima ombwe la sailensa na kuchukua nusu yake. Kamshafti kali (mhimili unaofungua valvu kwa muda mrefu) hupunguza ombwe hilo, na valvu yenye namba kubwa mno hubaki wazi muda wote. Pampu ya kuongezea mafuta huja mwisho: injini ikisita na kupiga mlipuko kupitia kabureta unapokanyaga ghafla, mafuta ni machache, hivyo panua nozeli, ikisita huku ikitoa moshi mweusi, yapunguze.

Hewa ikipungua uzito, kabureta hutoa mafuta mengi kuliko inavyotakiwa, lakini si kwa kiwango kilekile: mafuta hufuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa, hivyo hewa ikiwa nyepesi kwa asilimia 10, mchanganyiko huwa mzito kwa takriban asilimia 5. Andika uzito wa hewa kando ya kila jeti unayotumia, na baada ya siku chache utakuwa na jedwali lako la kuaminika.

Kwenye kona, mafuta hukimbilia upande mmoja wa bakuli na jeti hubaki kavu. Ongeza mirija ya kurefusha jeti au vizuizi vya mawimbi. Injini ndogo za go-kart, vigari vidogo vya mbio, zilitatua tatizo hili zamani kwa kabureta za kiwambo zisizo na floti.

Namna ya kufunga na kurekebisha injekta

Mfumo wa injekta huanzia kwenye tanki. Mgandamizo wa kawaida ni bar 3, yaani psi 43.5, kwa hiyo mipira iliyokuwa ikitumika na kabureta iondolewe yote, maana ikipasuka kwa mgandamizo huo moto ni jambo la sekunde chache. Weka tanki dogo la akiba kati ya tanki kuu na pampu ya mgandamizo, kwa sababu kabureta huwa na mafuta bakulini ya kuivusha injini pampu inapovuta hewa kidogo, ilhali injekta hazina akiba yoyote.

Ukubwa wa injekta nao huhesabiwa. Injini ya petroli isiyo na taabo (turbo inayosukuma hewa ndani) hutumia takriban nusu pauni ya mafuta kwa kila nguvu farasi moja kwa saa. Nguvu farasi 500 huhitaji pauni 250, zikigawanywa kwa injekta 8 zinazofanya kazi kwa asilimia 85 ya muda wake, kila moja inapaswa kutoa pauni 37 hivi kwa saa, sawa na karibu sentimita za ujazo 386 kwa dakika. Methanoli huhitaji zaidi ya maradufu ya hapo.

Nyaya za sensa zipite mbali na nyaya za plagi, na waya za ardhi zikutane mahali pamoja. Kisha funga taimingi kwenye kompyuta ibaki nyuzi 10, na uthibitishe kwa taa ya taimingi kwamba injini yenyewe inaonyesha 10. Hatua hii isirukwe kamwe: kompyuta inayoamini nyuzi 10 huku injini ikiwa 16 itatoboa pistoni, na jedwali la mafuta litalaumiwa bure. Ingiza pia muda wa kuchelewa kufunguka kwa injekta kulingana na volti za betri.

Ikiwa kila silinda ina kipepeo chake cha kuruhusu hewa na kamshafti ni kali, usitegemee sensa ya mgandamizo wa manifoldi (mirija ya kuingizia hewa), kwa kuwa usomaji wake hurukaruka. Tumia pembe ya kipepeo pamoja na sensa ya mgandamizo wa hewa ya nje. Jaza jedwali seli moja baada ya nyingine, injini ikiwa imetulia: zidisha namba iliyopo kwa lambda uliyoipima (uwiano wa hewa na mafuta ukigawanywa kwa ule wa kuungua kikamilifu), kisha gawa kwa lambda unayoitaka. Ukitaka 0.88 na ukapata 0.92, ongeza seli hiyo kwa takriban asilimia 4.5. Marekebisho ya kukanyaga ghafla na ya joto yafuate baada ya jedwali kukamilika. Kumbuka kwamba petroli yenye risasi huiharibu sensa ya lambda, hivyo weka ya akiba.

Hapa ndipo injekta zinapojitenga na kabureta: unaweza kurekebisha kila silinda peke yake kwa kufuata joto la moshi wake, na unaweza kuiamuru kompyuta iizime injini mgandamizo wa oili au wa mafuta unaposhuka. Kwa mbio ndefu, kwa njia zinazopanda na kushuka milima, au kwa injini yenye taabo, ningechagua injekta bila kusita. Kwa mbio fupi za mstari mnyoofu, zenye fundi anayeijua hewa ya siku yake, kabureta bado ni chaguo la heshima.

Namna ya kulinganisha kwa haki

Ukitaka kujua kipi kinaifaa injini yako, ifunge kwenye mashine ya kupimia nguvu, uifikishe kwenye joto lilelile la maji na la oili kila mara, na uhakikishe mifumo yote miwili inafikia lambda ileile, kila mmoja ukiwa na taimingi iliyotafutwa upya. Angalia eneo lote la mizunguko injini inayotumia mashindanoni, si kilele pekee. Pima kwa kabureta mara tatu, kisha kwa injekta mara tatu, halafu rudisha kabureta na upime tena. Namba za mwanzo zisiporudi, tofauti uliyoiona haikutoka kwenye mfumo wa mafuta peke yake, na jaribio lote lirudiwe.