Kufufua ruta iliyokufa kwa Bus Pirate: soma chipu kwanza, andika baadaye

Ruta ikikatiwa umeme katikati ya kusasishwa, huwasha taa moja na kunyamaza. Mara nyingi prosesa ni nzima na redio ya Wi-Fi ni nzima. Kilichoharibika ni maandishi yaliyomo kwenye chipu ndogo ya miguu minane inayotunza programu yake. Bus Pirate, kifaa cha usanifu huria alichokibuni Ian Lesnet wa Dangerous Prototypes, hukaa kati ya USB ya kompyuta na chipu hiyo na kukuwezesha kuisoma na kuiandika upya. Hapa natumia toleo la 3.6 na kompyuta ya Linux yenye flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu za aina hii.

Kabla ya yote, nieleze kwa nini nasisitiza kusoma kwanza. Niliwahi kuandika faili ya ruta nyingine juu ya chipu ambayo sikuichukulia nakala. Ruta iliwaka nikashangilia, kumbe Wi-Fi yake haivuki ukuta mmoja, na anwani yake ya MAC, namba ya kuitambulisha kwenye mtandao, imekuwa ileile ya ruta niliyoazima faili. Vipimo vya redio, ambavyo kiwanda huvichukua kwa kila ruta peke yake, nilikuwa nimevifuta kwa mkono wangu, na havikuwa na nakala popote. Inauma mpaka leo.

Hatua ya 1: Jaribu UART

Bodi nyingi za ruta zina vituo vinne vya UART, njia ya ruta kuzungumza na kompyuta kwa maandishi. Unganisha GND (waya wa ardhi) kwa GND, TX ya bodi (inayotuma) kwa waya wa MISO wa Bus Pirate, na RX ya bodi (inayopokea) kwa MOSI. Kile cha volti kiache. Kisha:

`screen /dev/ttyUSB0 115200`

Bonyeza Enter, andika `m`, chagua UART, weka kasi ya 115200, halafu andika `(1)`. Washa ruta kwa umeme wake. Maandishi yakianza kuteremka, programu ya kuwashia ingali hai: rudisha mfumo kupitia hapo na chipu usiiguse. Kukiwa kimya kabisa, endelea.

Hatua ya 2: Soma jina la chipu

Chukua tochi na kioo cha kukuzia, usome mpaka herufi ya mwisho. W25Q64FV ni ya volti 3.3. W25Q64FW ni ya volti 1.8, na ukiipa 3.3 unaweza kuiua. Herufi moja tu hiyo. Usipoweza kuisoma, usiunganishe kitu.

Hatua ya 3: Nyaya

Nukta iliyochongwa kwenye chipu ndiyo alama ya mguu wa 1, na miguu huhesabiwa kinyume cha mwendo wa saa. Chomoa umeme wa ruta, bana klipu (kibanio chenye nyaya kinachoshika miguu yote minane), kisha unganisha kila mguu na waya wa Bus Pirate wenye jina hili:

mguu 1 – CS
mguu 2 – MISO
mguu 4 – GND
mguu 5 – MOSI
mguu 6 – CLK
mguu 8 – 3V3

Miguu ya 3 na 7 lazima iwe na volti 3.3. Chipu ikiwa bado kwenye bodi, kwa kawaida bodi yenyewe huishikilia hivyo. Ikiwa umeing'oa, iunge na mguu wa 8. Nyaya zisizidi shubiri moja. Na usichomeke umeme wa ruta wakati Bus Pirate inalisha chipu.

Hatua ya 4: Iulize chipu wewe ni nani

Watu wengi hukwama hapa, kwa hiyo tusiharakishe. Kama ulitumia `(1)` ya UART, chomoa USB ya Bus Pirate uichomeke tena ili itoke huko. Rudi kwenye screen, andika `m`, chagua SPI (njia ambayo chipu hii huzungumza), na ukubali majibu yaliyopendekezwa isipokuwa mwishoni: kwenye aina ya matokeo chagua Normal. Ukiiacha ile ya kwanza, Bus Pirate huvuta waya kwenda chini tu na haiupandishi, na chipu haitakuelewa. Andika `W` kuwasha volti, kisha:

`[0x9F r:3]`

Chipu ya W25Q64FV hujibu `0xEF 0x40 0x17`. EF ni Winbond, kiwanda kilichoitengeneza. 17 hapo imeandikwa kwa msingi wa 16, nayo ni 23 kwa hesabu ya kawaida, na 2 kwa kipeo cha 23 ni baiti 8,388,608, yaani megabaiti 8. Mimi hufurahi kila ninapoliona jibu hili, maana chipu imejitaja yenyewe.

Ukipata FF tatu, hakuna anayejibu: kagua MISO na ubane klipu upya. Ukipata sifuri tupu, andika `v` uone kama 3.3 ipo kweli. Jibu likibadilika kila unapouliza, huenda klipu imelegea, au umeme unaoupa chipu umevuja na kuamsha prosesa, nayo inaingilia mazungumzo. Isitoshe, Bus Pirate hutoa takriban miliampea 150 tu, na bodi nzima huweza kuhitaji zaidi. Suluhisho la uhakika ni kuing'oa chipu kwa chuma cha kulehemu. Kama unajua mguu wa reseti wa prosesa ulipo, kuushikilia kwenye GND huweza kutosha.

Hatua ya 5: Nakala mbili

Funga screen kwa Ctrl-A kisha K, la sivyo flashrom haitapata njia.

`flashrom -p buspirate_spi:dev=/dev/ttyUSB0,spispeed=1M -r nakala1.bin`

Rudia kwa nakala2.bin. Kwa kasi ya 115200, megabaiti 8 haziwezi kupita chini ya dakika 12, na mara nyingi huchukua zaidi sana. Vumilia. Kisha:

`sha256sum nakala1.bin nakala2.bin`

Namba ndefu zilizo mwanzoni mwa mistari miwili, zilizokokotolewa kutoka kwenye faili, zisipolingana herufi kwa herufi, huna nakala. Rudi kwenye klipu.

Hatua ya 6: Andaa faili ya kuandika

Unahitaji faili ya chipu nzima kutoka ruta ya modeli ileile na toleo lilelile la bodi; iite mpya.bin. Faili ya kusasishia haitoshi, kwa sababu mara nyingi haina programu ya kuwashia. Kwenye ruta nyingi zenye prosesa za Atheros, vipimo vya redio hukaa kwenye kilobaiti 64 za mwisho. Vihamishe kutoka nakala yako:

`dd if=nakala1.bin of=mpya.bin bs=64k skip=127 seek=127 conv=notrunc`

Kwenye TP-Link nyingi za aina hiyo, MAC hukaa mahali pa 0x1FC00:

`dd if=nakala1.bin of=mpya.bin bs=1 skip=130048 seek=130048 count=6 conv=notrunc`

Hakikisha mpya.bin bado ina baiti 8,388,608.

Hatua ya 7: Andika

Amri ni ileile ya kusoma, ila badala ya `-r nakala1.bin` weka `-w mpya.bin`. Usiguse meza. Flashrom husoma tena ilichoandika, na mwishoni hutoa neno VERIFIED. Likikosekana, usichomoe kitu. Endesha amri tena.

Toa klipu ndipo uwashe ruta kwa umeme wake, na uipe dakika kadhaa, kwa kuwa safari ya kwanza huchelewa. Ikishawaka, linganisha MAC na ile iliyo kwenye kibandiko cha chini, kisha hifadhi nakala1.bin ukiandika modeli na tarehe kwenye jina la faili.