Namna ya kufundisha kwa nini msuli wa ateri hauchoki

Nafundisha wauguzi hapa Bukavu, na somo hili la ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, nalifanyia barazani. Ukitaka kulijaribu, mwalimu mwenzangu, tafuta bidoni la lita 10 lililojaa maji, kamba laini ya nailoni na kile chuma cha mviringo cha kuegemea kilicho ukingoni mwa baraza.

Anza na mkono. Mwite mwenye nguvu kuliko wote, alishike bidoni mkono ukiwa umenyooka mbele. Mwaka huu nilimwita kijana wa Kadutu anayebeba magunia sokoni wakati wa likizo. Baada ya sekunde chache bega lilikuwa linatetemeka. Waambie hapohapo: bidoni halijapanda hata kidogo, lakini vichwa vya miosini, protini inayovuta ndani ya msuli, vinashika, vinavuta, vinaachia, na kila mzunguko unakula ATP, nishati ya seli.

Sasa afunge bidoni kwa kamba, aivutie juu ya chuma. Likining'inia, mwenzake alishikilie wakati yeye anaizungusha kamba mara tatu kwenye chuma. Halafu aishike ncha kwa vidole viwili tu. Bidoni linabaki palepale, na kijana anaweza kupiga hadithi.

Ndivyo ateri inavyofanya. Mwanzoni kalsiamu inaingia, miosini inapachikwa fosfeti, msuli unavuta kwa kasi. Kisha fosfeti nyingi zinaondolewa huku vichwa vikiwa bado vimeshika, na kuachia kwake ni polepole sana. Kasi inashuka, nguvu inabaki. Richard Murphy na wenzake huko Marekani walilionyesha hilo mwaka 1981 kwa ateri ya shingo ya nguruwe. Kwa kubana kulekule, msuli laini, yaani huu wa ateri, unaweza kutumia hata sehemu 1 kwa 300 ya nishati ya msuli wa mkono.

Usikubali mtu aandike kwamba msuli wa ateri hautumii nishati kabisa. Mwambie aachie vidole, aone maji yanavyomwagika! Vivyo hivyo kwenye ateri: kalsiamu kidogo lazima ibaki, na pampu za utando wa seli zinadai ATP.

Kosa jingine linaloniuma kila mtihani ni kuhusu laktati, inayotokana na uvunjaji wa glukosi. Wanaandika: "oksijeni imekosekana." Hapana. Ateri hutoa laktati hata oksijeni ikiwa tele: uvunjaji wa glukosi unalisha hasa pampu, mitokondria, sehemu za seli zinazotumia oksijeni kutengeneza ATP, zinalisha mvuto.

Mwisho, alegeze mzunguko mmoja mmoja. Bidoni linashuka taratibu, na hapo ndipo nawatajia nifedipini, dawa inayolegeza ateri kwa kuzuia kalsiamu kuingia.