Kufundisha kuchora ramani kwa kompyuta: anza na futi, kisha mlima

Mwalimu wa usanifu majengo, wiki mbili za mwanzo usiwashe kompyuta. Wape wanafunzi futi kamba, penseli na karatasi ya A3, wapime darasa lao na kulichora kwa skeli ya 1:50. Ukuta wa mita 9 utoke milimita 180. Asiyezoea hilo kwa mkono atadanganywa na skrini: pale kila kitu hukuzwa na kupunguzwa, hata mlango wa upana wa mita 2 chumbani hauonekani kuwa kosa.

AutoCAD, programu ya kuchora ramani kwa kompyuta, ni bure kwa wanafunzi na walimu waliothibitisha chuo chao, na kibali huhuishwa kila mwaka. Kompyuta zikiwa dhaifu, tumia LibreCAD, programu nyingine ya kuchora. Ni nyepesi, ila haina pande tatu na huhifadhi faili kwa mfumo wa DXF, si DWG wa AutoCAD.

Wiki ya tatu walichore darasa lilelile. Kabla ya mstari wa kwanza waandike UNITS, amri ya kuchagua kipimo, wachague milimita. Ukuta wa mita 9 ni 9000; skeli huja wakati wa kuchapa tu. Mmoja akichora kwa mita na mwenzake kwa milimita, siku ya kuunganisha kazi jengo moja litakuwa dogo mara 1,000, kama kinukta pembeni. Leya, yaani matabaka ya mchoro, nazo zitengwe mapema: kuta mistari ya unene wa milimita 0.5, milango na madirisha 0.25, vipimo 0.18. Vyote vikiachwa leya 0, ile ya mwanzo, kwa unene mmoja, fundi hatajua ukuta ni upi.

Sasa wapeleke kwenye kiwanja chenye mteremko. Mwanza haikosi, Mabatini au Igogo vipo. Wachukue levo, yaani tofauti za kimo cha ardhi, kwa mpira wa maji kila mita 2, wapime pia majabali, kisha waanze na mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo na ardhi kana kwamba vimekatwa wima, si ramani ya sakafu. Skrini ni bapa, na mwanafunzi huchora nyumba bapa. Mteremko wa 1:5 (kushuka mita 1 kila mita 5) chini ya nyumba ya mita 9 ni tofauti ya mita 1.8: msingi mrefu kuliko mtu wa kawaida, na mwenye nyumba ndiye ataulipia.

Umeme ukikatika, faili la .bak, nakala ya akiba ya AutoCAD, likibadilishwa jina kuwa .dwg hurudisha kazi ya kabla ya kuhifadhi mara ya mwisho. Weka SAVETIME, muda wa programu kujihifadhia kazi, dakika 5 badala ya 10.

Sahihisha kwenye karatasi iliyochapwa, rula mkononi.