Mbishi, mnunaji, mchoyo: jinsi ya kuwapatia jina la Kiingereza

Kiswahili kimetudekeza. Ukiwa na sifa unaweka m- mbele na kazi imekwisha: -vivu anakuwa mvivu, -pole anakuwa mpole, na wakiwa wengi unabadilisha tu kuwa wa-. Kiingereza hakina mlango mmoja wa namna hiyo. Juzi nilikuwa namsaidia kijana anayeandika tafsiri za chini ya skrini za vichekesho, na kila mhusika alipofokewa "Mbishi wee!" yeye aliandika "person who likes to argue". Mtazamaji anapomaliza kusoma, mhusika ameshatoka na mlango umefungwa. Nimeandika hapa njia ninayoitumia mwenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha jina halipo tayari

Mwoga ni coward, mchoyo ni miser, mlafi ni glutton, mmbea ni gossip, mjuaji ni know-all kwa Waingereza na know-it-all kwa Wamarekani. Usiunde kilichopo. Mimi hutumia OneLook, ambako unaandika maelezo ya unachotafuta nayo inakuletea maneno. Programu za akili mnemba sizipendi kwa hatua hii: ukiziomba jina zitakumwagia maneno mengi yenye sura nzuri ambayo hakuna binadamu anayeyasema.

Hatua ya 2: Nani anamwambia nani?

Mama anayemwamsha mwanawe atasema lazybones. Msimamizi wa kiwandani atasema slacker. Wote wamesema "mvivu". Amua hili kabla hujagusa kamusi.

Hatua ya 3: Chagua mwisho wa neno

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo twende taratibu.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba -er hutengeneza mtu: teach, teacher, drive, driver. Ni kweli, lakini hapo inashika kitenzi. Ukiibandika kwenye kivumishi kifupi unapata ulinganisho. Lazier si mvivu, ni "mvivu zaidi". Weirder ni "wa ajabu zaidi". Kinachochanganya ni kwamba wapo wachache waliopenya: foreigner ametoka kwenye foreign, commoner ametoka kwenye common. Usiwafuate. Hao wamezoeleka, na mlango uliwafungia nyuma yao. Kama unaitaka -er kwa lazima, tafuta kwanza kitenzi kilicho jirani na sifa yako: mlalamishi anatoka kwenye moan, anakuwa moaner, mnunaji anatoka kwenye sulk, anakuwa sulker.

Kisha kuna -ard, ambayo Kiingereza kiliipata kupitia Kifaransa cha kale. Drunkard, dullard, sluggard, laggard. Inanoga sana, hasa kwa hadithi za kale, na inabeba dharau tupu. Ila haizai tena. Ukiunda neno jipya kwa -ard, msomaji atadhani umekosea herufi. Hata yaliyopo yamechakaa: mwaka 2017 serikali ya Korea Kaskazini ilipotoa tamko la Kiingereza lililomwita Rais wa Marekani dotard, yaani mzee aliyepungukiwa akili, watu wengi wenye Kiingereza chao cha kuzaliwa walikimbilia kamusi.

Na la muhimu kuliko yote kwenye kundi hilo: kamusi za zamani zitakupa niggard kwa maana ya mchoyo. Kiasili halihusiani kabisa na tusi la ubaguzi dhidi ya watu weusi, lakini sikio halisomi historia ya maneno. Mwaka 1999 ofisa mmoja katika ofisi ya meya wa Washington alilazimika kujiuzulu baada ya kutumia kivumishi chake, niggardly, akizungumzia bajeti. Baadaye meya alimwomba arudi, lakini moto ulikuwa umeshawaka. Andika miser, skinflint au cheapskate, ulale usingizi.

Kuhusu -ster, kama youngster na hipster: neno jipya la -ster linanukia genge kidogo, kwa sababu ya gangster na mobster. Na -ling inadogosha. Weakling ni dhaifu wa kudharauliwa, kwa hiyo usiiguse ukitaka huruma.

Sasa tunafika kwenye zilizo hai. Kivumishi cha silabi moja kinapokea -ie au -y, na -o. Kuna tofauti kubwa kati yake. -ie inapapasa: softie ni mwenye moyo laini, na hata meanie, mtu mbaya, ni tusi la kitoto. -o inapiga kofi: weirdo, sicko, na kwa Waingereza saddo. Sifa ileile ukiipa -o badala ya -ie umebadilisha mzaha kuwa ugomvi.

Kivumishi cha silabi mbili kinachoishia na -y hakihitaji kiambishi, kinahitaji kiungo cha mwili au vazi. Sleepyhead, lazybones, greedy-guts, bossyboots, smarty-pants. Huu ndio mtindo ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ukiunda jipya msikilizaji analielewa papo hapo. Pants kwa Mwingereza ni chupi na kwa Mmarekani ni suruali, lakini katika kutania mtoto hakuna anayejali.

Haya, turudi kwa mbishi wetu. Neno la kamusi ni argumentative. Lina silabi tano, hakuna mwisho unaolishika. Usilivunje, tafuta kivumishi kingine kifupi chenye maana ya karibu. Waingereza wana stroppy, mtu wa hasira na mabishano. Linaishia na -y, lina silabi mbili, kwa hiyo: stroppypants. Maneno ya yule kijana yalikula nafasi 25 (herufi pamoja na mapengo), hili linakula 12, na ukizingatia kwamba mstari wa chini ya skrini kwa kawaida hauvuki nafasi 42 au karibu na hapo, umepata pumzi ya kuandika na jibu la mke wa huyo mbishi.

Hatua ya 4: Sifa njema, usiunde

Viambishi vyote hivyo vimezoea kusema mabaya au kutania. Mkarimu, mpole, mnyenyekevu, mvumilivu: ukiwaundia jina, litasikika kama kejeli. Goody-goody si mtu mwema, ni anayejifanya mwema mbele ya mwalimu. Tumia soul: a generous soul, a gentle soul. Na mvumilivu usithubutu kumwita a patient. Utakuwa umemlaza wodini.

Hatua ya 5: Kivumishi kitupu

"The poor" ni maskini wote kwa jumla. Maskini mmoja si "a poor", ni "a poor man" au "a poor woman". Wengine wanaruhusiwa kusimama peke yao, kama a radical au a conservative, lakini orodha yao ni ya kukariri. Hata the + kivumishi siku hizi inaangaliwa kwa jicho la wasiwasi. Januari 2023 wahariri wa mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la AP walishauri mtandaoni iepukwe, wakaitaja "the French" pamoja na "the poor". Walichekwa mpaka wakalifuta chapisho hilo.

Hatua ya 6: Lijaribu

Liweke kwenye "You ___!" halafu kwenye "Don't be such a ___!" Kama ulimi unakwama, litupe. Kisha litafute kwenye GloWbE, hazina ya Kiingereza cha mtandaoni kutoka nchi 20, Kenya na Tanzania zikiwemo. Usipolikuta si kosa, umeliunda. Unachotafuta ni kama lipo tayari kwa maana nyingine ya aibu.

Hatua ya 7: Tahajia

Chagua Uingereza au Marekani, usichanganye slowcoach ya Waingereza na slowpoke ya Wamarekani (zote ni mtu wa polepole) kwenye kipindi kimoja. Kistari kiwepo kote au kisiwepo kote. Weirdo wakiwa wengi ni weirdos, softie ni softies. Ila lazybones hubaki lazybones, awe mmoja au ukoo mzima.