Unataka kusoma masta ya uongozi wa NGO? Anza na kinachokubana

Siku ya kwanza darasani, masomo ya jioni hapa Dar, mwalimu alituambia kila mtu ajitambulishe na aseme kazi yake. Nesi wa Temeke, mwalimu wa sekondari, afisa maendeleo ya jamii wa kata, sista mmoja wa parokia, mwanajeshi mstaafu, kijana mwenye asasi yake Mbagala aliyoianzisha akiwa na miaka kumi na tisa, na mimi mhasibu niliyetoka benki. Nikajisemea sasa sisi wote tunatafuta nini chumba kimoja saa kumi na mbili jioni, na Morogoro Road inatusubiri na foleni yake.

Nilipata jibu baada ya muhula mzima. Kila mtu alikuwa amekwama, ila kila mtu amekwama pake. Kwa hiyo kabla hujaanza kuulizia ada na fomu, jua wewe umekwama wapi, maana hapo ndipo utajua usome kozi gani, na pengine utagundua huhitaji masta kabisa.

Chukua yule nesi. Kazi anaijua mpaka basi, ukimuuliza kwa nini kina mama wanaacha kliniki mwezi wa tatu atakueleza na nauli ya bajaji. Lakini siku wafadhili walipokuja ofisini kwao wakafungua bajeti ukutani, wakauliza mbona mstari wa gharama za uendeshaji ni asilimia saba tu, kodi ya ofisi na umeme nani analipa, akakaa kimya. Akajibu mtu mwingine ambaye hajawahi hata kukanyaga wodi, na mradi ukapewa huyo aongoze. Hiyo ndiyo iliyomleta darasani.

Mimi nilikuwa kinyume chake. Hesabu nazijua, watu siwajui. Mwezi wangu wa pili kwenye shirika nilipelekwa fildi Mkuranga nikamdai mama muuza ndizi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yule mama akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani halafu akawauliza wenzangu "huyu mmemtoa wapi?" Walicheka njia nzima mpaka Mbagala Rangi Tatu. Kumbe ilitakiwa tuwe na fomu ya kusaini kwa manunuzi madogo madogo ya aina hiyo, na aliyetakiwa kuitengeneza ni mimi.

Na yule kijana wa Mbagala shida yake ni ya waanzilishi wengi, yeye ndiye mkurugenzi, mtunza fedha, dereva na mwandishi wa propozo za kuomba fedha, bodi ni mjomba na rafiki zake wawili. Shirika lilikuwa limekua kuliko yeye na alilijua hilo, sema kumwambia mtu mwingine ashike funguo ilikuwa inamuuma.

Sasa fanya hivi. Chukua karatasi, andika vikao vitatu vya mwisho ambavyo ulikuwa na la kusema ukashindwa kulisema. Ulishindwa kwa sababu hujui hesabu? Hujui sheria? Hujui kuongoza watu waliokuzidi umri? Au ulijua kila kitu ila huna cheo? Kama ni hilo la mwisho tu, kuwa makini, masta itakupa karatasi lakini bosi asiyekusikiliza leo anaweza asikusikilize hata ukivaa joho.

Ukishajua, nenda kwenye kozi. Wenzetu Marekani wana masta yenye jina hilohilo la uongozi wa mashirika yasiyo ya faida, University of San Francisco wameanza toka 1983, na Indiana University wana skuli nzima ya mambo ya uhisani. Hapa kwetu ukitafuta jina hilo unaweza kuhangaika, mara nyingi mambo yenyewe yamejificha ndani ya kozi nyingine. UDSM, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana masomo ya maendeleo, Mzumbe wana kampasi yao hapa Dar na wanajulikana kwa utawala, Chuo Kikuu Huria pale Kinondoni wamekuwa wakifundisha maendeleo ya uchumi wa jamii na ufuatiliaji na tathmini, na Huria inawafaa sana watu wa kazi kwa sababu unasoma ukiwa kwako. Usiangalie jina la kozi, omba orodha ya masomo yenyewe. Nesi anahitaji somo la fedha. Kijana wa Mbagala anahitaji utawala wa bodi. Na wote mnahitaji sheria: Sheria ya NGO ya 2002 na mabadiliko ya 2019, yale yaliyowakuta watu wengi waliokuwa wamesajili asasi zao kama kampuni wakalazimika kuhamia kwa Msajili wa NGO mbio mbio. Ukiona kozi ina masomo kumi ya nadharia na hakuna hata moja la fedha wala sheria, mshukuru aliyekupa orodha, uondoke.

Kama unaenda nje au unasoma kwa mtandao chuo cha nje, kwanza hakikisha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanakitambua. Usisubiri umalize.

Kuhusu muda. Mwaka 2025 uliwapiga wengi, Januari misaada ya Marekani ikasimamishwa na kufika Julai 1 USAID yenyewe, shirika lao la misaada, imefungwa, watu wa mashirika ya Mikocheni na Masaki waliokuwa na mkataba wa miaka mitano wakajikuta nyumbani. Wengi nawaona wamekimbilia masta kama mtu anayekimbilia kibandani mvua ikinyesha. Siwalaumu, ila mfadhili aliyeondoka harudi kwa sababu wewe umeongeza digrii. Ukisoma kipindi hiki tafuta kozi inayofundisha kutafuta fedha za hapahapa ndani, makampuni, michango ya watu, biashara ya shirika lenyewe.

Ada usiulize "shilingi ngapi", uliza mchanganuo wote: usajili, mitihani, kusahihishiwa disateshen (ule utafiti wa mwisho), mahafali. Halafu ongeza nauli na bando na chakula cha jioni, maana saa mbili usiku ukitoka darasani na njaa ile chipsi mayai ni bajeti kamili kwa miaka miwili. Skolashipu zipo. Chevening ya Uingereza inalipa masta ya mwaka mmoja, wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa masaa 2,800, kama miaka miwili hivi, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Kazi ya kujitolea inahesabika, watu wengi wa asasi ndogo hawajui hilo wanajitoa wenyewe mapema.

Barua ya maombi ndiyo inayoangusha watu. Usianze na "tangu utotoni napenda kusaidia wasiojiweza", anayesoma barua hizo keshaisoma hiyo asubuhi mara ishirini. Yule nesi aliandika kikao cha asilimia saba vilevile kilivyotokea, na kimya chake, aya moja tu. Mimi niliandika ndizi.

Bosi wako mwambie mapema, na umwambie ukiwa na ratiba mkononi, siku gani utatoka saa kumi na nani atashika kazi zako. Mwenzetu mmoja alificha, akawa anaaga kila Jumanne anaumwa tumbo, mpaka HR wakamtaka alete vyeti vya hospitali.

Na mada ya disateshen anza kuitafuta ofisini kwako mwaka wa kwanza, usingoje supavaiza akupe. Mimi nilichagua bodi za asasi ndogo, nikaanza kuwapigia wenyeviti niliopewa namba zao. Mzee mmoja wa Magomeni alipokea vizuri tu, nikajieleza weee, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, mimi mwenyekiti wa nini?"