Tumbo linauma na vipimo vyote ni safi? Pima kalsiamu

Mgonjwa ana miezi analalamikia tumbo. Ultrasaundi haikuonyesha kitu, kamera haikukuta kidonda, na dawa za asidi amemeza hadi zimemchosha. Kabla hujamwambia ni mawazo tu, mhudumu mwenzangu, pitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Uliza yasiyohusu tumbo
Choo kigumu na kichefuchefu havimshtui mtu. Uliza kama ana kiu isiyokatika, anaamka usiku kukojoa, amewahi kuwa na mawe kwenye figo, mifupa inauma, au amekuwa msahaulifu. Kalsiamu ikizidi kwenye damu, misuli ya utumbo hulegea na choo hukwama. Figo nazo hushindwa kubana maji: mkojo unakuwa mwingi, mwili unakauka, na ukavu huo unaipandisha kalsiamu zaidi.

Hatua ya 2: Kagua dawa
Hizi zinaweza kupandisha kalsiamu: thiazaidi (vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo), lithiamu (dawa ya magonjwa ya akili), vitamini D ya dozi kubwa, vidonge vya kalsiamu. Vile vya kutafuna vya kiungulia, vyenye kalsiamu kaboneti, wengi hawavihesabu kama dawa. Vitaje mwenyewe.

Hatua ya 3: Pima kalsiamu, albumini (protini ya damu inayobeba kalsiamu) na kreatinini (kipimo cha figo) kwa pamoja
Mpira usikae umebana mkono muda mrefu, maana majibu hupanda kwa uongo. Albumini ikiwa chini ya gramu 40 kwa lita, ongeza milimoli 0.02 kwenye kalsiamu kwa kila gramu iliyopungua. Kalsiamu ya milimoli 2.55 kwa lita inapita kama ya kawaida kwenye maabara nyingi. Albumini ikiwa 25, kadirio lake ni 2.85. Ukiweza kupima kalsiamu huru (isiyoshikwa na protini), ni bora kuliko hesabu hii.

Hatua ya 4: Rudia kipimo, kisha pima homoni ya parathiroidi (PTH)
Hapa ndipo wengi huteleza. PTH ndiyo hupandisha kalsiamu, hivyo kalsiamu ikiwa juu, PTH inatakiwa iwe imezimika. Kwa hiyo PTH "ya kawaida" kwa mgonjwa huyu si ya kawaida hata kidogo. Shuku tezi za parathiroidi, zile ndogo za shingoni zinazotoa PTH, mara nyingi uvimbe mmoja usio saratani. Kabla ya kumpeleka kwa daktari wa upasuaji, pima kalsiamu ya mkojo wa saa 24, kwani ipo hali ya kurithi ambayo figo hung'ang'ania kalsiamu na kisu hakiisaidii. PTH ikiwa chini sana, tafuta saratani, kifua kikuu, sakoidosisi (ugonjwa wa vivimbe vidogo, hasa kwenye mapafu) au vitamini D iliyozidi.

Hatua ya 5: Jua dharura
Maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya mgongoni pamoja na kutapika: pima lipesi (kimeng'enya cha kongosho), huenda kongosho limevimba. Kalsiamu ikizidi milimoli 3.5 kwa lita, au mgonjwa akichanganyikiwa, mlaze, fanya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na anza dripu ya chumvi ya 0.9% ukiangalia moyo na figo. Asidi ya zoledroniki, dawa inayozuia mifupa kumwaga kalsiamu, hufuata, nayo huchukua siku mbili hadi nne kufanya kazi vizuri. Furosemaidi, dawa ya kukojoza, usiikimbilie, mgonjwa tayari amekauka.

Kalsiamu ikirudi chini na maumivu yakabaki vilevile, faili bado halijafungwa: rudi kwenye tumbo lenyewe.