Uzito wa mtoto usiupime kwa macho ya majirani
Mama, ukifika kliniki mvue mtoto nguo na nepi kabla hajaning'inizwa kwenye mzani. Nepi iliyolowa inaongeza gramu za uongo. Huku Mbagala ninakopima, kina mama wengi wanahangaika bure wiki ya kwanza: kichanga huweza kupungua hadi asilimia 10, kisha akaurudia uzito wake kufikia wiki ya pili. Aliyezaliwa na kilo 3 hufika 6 hivi akiwa na miezi mitano au sita, na 9 hivi akitimiza mwaka. Kasi hupungua akianza kutambaa, shoga asikutishe na bonge lake. Tazama mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki: mstari huo ukilala au ukishuka, tuambie hapohapo, usisubiri mwezi ujao.